Kuna Mtu Bado Anaitumia

Watu wengi wanaoniletea laptop wakitaka niwawekee mfumo wa pili wa kuendesha kompyuta huogopa jambo moja, kwamba huo wa pili utaumeza wa kwanza. Huwa nawaambia wasiogope. Nawapeleka kwenye jaruba la mpunga, kwa sababu huku Ifakara hakuna asiyelijua. Diski ni jaruba. Mfumo uliopo umejitwalia jaruba lote, hata pale ambapo haujapanda kitu. Sisi tunauomba usogee kidogo, tunainua tuta katikati, na upande wa pili tunapanda mbegu nyingine. Ukiwasha mashine, inakuuliza leo unaingia upande gani. Unachagua, unaendelea na kazi yako. Pande mbili haziamki pamoja. Mmoja akiwa macho, mwenzake amelala, na wala hajui kama yupo jirani.

Maelezo hayo nimeyatoa mara nyingi kwenye chumba changu cha kufundishia, Lipangalala, na karibu kila mtu hutoka akitabasamu.

Siku hiyo walikuja watatu. Bibi mmoja wa Katindiuka, mwanawe wa kiume, na binti wa huyo mwanawe, aliyekuwa anajiandaa kwenda chuo. Bibi alikuwa ameipakata laptop iliyofungwa kwenye kanga, na alipokaa hakuiweka mezani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nilikuwa namfahamu kwa sababu mjukuu wake wa kiume alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kurekodi sauti, naye akawa anazirekodi kwaya za jumuiya na kuzisafisha vizuri kuliko mimi niliyemfundisha. Laptop ilikuwa yake.

Kijana huyo alikuwa amekufa. Mtumbwi ulipinduka Kivukoni, chini ya daraja, alipokwenda kuvua na wenzake. Wenzake waliogelea wakafika ukingoni. Yeye alipatikana kesho yake, na simu yake haikupatikana kabisa.

“Kikao cha ukoo kimeamua mashine apewe huyu,” alisema yule baba mdogo wa marehemu akimwonyesha binti yake. “Futa vyote, mwalimu. Ianze upya, iwe safi.”

“Hafuti,” alisema bibi.

“Mama, tulishaongea.”

“Mliongea nyie.”

Nikawaambia kuna njia ambayo kila mmoja angepata alichokitaka. Nikaanza habari ya jaruba na tuta. Binti alifurahi. Baba yake alitazama saa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote.

“Huyo wa pili akiwa macho, anaweza kusikia alichosema yule aliyelala?”

Ili kulielewa swali hilo lazima nieleze habari ya bibi na mjukuu wake.

Kwamba bibi na mjukuu ni watani, kila mtu anajua. Lakini hawa wawili walikuwa wameufanya utani kuwa kazi yao. Kijana alimwita bibi yake mke wangu, na mbele ya wageni alimtafutia majina ambayo mtoto wa mtu mwingine angechapwa kwa kuyataja. Bibi alimrudishia maradufu. Majirani waliacha kutwanga ili wasikilize. Walikuwa na sheria yao: tusi haliachwi bila jibu, na jibu halitolewi kwa pupa. Aliyetukanwa aliweza kukaa siku mbili akilitengeneza, huku mwenzake akimpitia mlangoni na kumuuliza kama ameishiwa.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya bibi. Kijana alikuwa amejisifu mbele ya watu kwamba atamletea kambale mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Bibi akamwambia, “Wewe mume wangu, mtoni utafuata nini? Wewe utakufa kwa maji ya kunawa mikono.” Watu wote walicheka.

Asubuhi aliyokwenda mtoni, kijana alipita mlangoni kwa bibi akamwambia, “Jibu lako liko kwenye kompyuta, kibogoyo. Bado nalinoa. Nikirudi nitakusikilizisha.”

Hayo aliyasikia bibi peke yake. Lile la maji ya kunawa lilisikiwa na uwanja mzima.

Siku ya mazishi, watani wa ukoo walifanya mambo yao kama kawaida. Waliiga mwendo wa marehemu, wakadai nguo zake, wakajilaza kaburini mpaka walipopewa cha kuwatoa. Watu walimgeukia bibi wakingoja na yeye afumbue mdomo. Alikaa kimya, ameuziba mdomo kwa kanga. Kimya chake ndicho kilichowapa wengine maneno. Wiki haikuisha, ikasemwa kisimani, ikasemwa kwenye mashine ya kusaga, kwamba mdomo wa bibi yule si wa bure.

Mama wa marehemu, mjane wa mtoto wa kwanza wa bibi, hakusema kitu. Waliishi ua mmoja. Tangu aolewe alikuwa akimnawisha mkwewe mikono kila chakula, amepiga goti, jagi mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto. Sasa alianza kumpita. Aliwanawisha watu wote mkekani, akifika kwa bibi aliruka akaenda kwa anayefuata. Bibi alinyanyuka na kwenda kunawa mwenyewe kwenye ndoo.

Ndiyo maana alikuja kwangu. Siku ya kumaliza matanga ilikuwa karibu, na alitaka watu walisikie jibu la mjukuu wake. Alitaka wasikie kama kijana alikwenda mtoni amekasirika au anacheka. Mwenyewe pia alikuwa hajui tena. “Labda mimi nilisikia vibaya,” aliniambia. “Labda alisema nalinoa akimaanisha panga.”

Nikachomeka chaja. Mashine ikanguruma kidogo, kioo kikawaka, jina la kijana likatokea, na chini yake kisanduku cha neno la siri. Sikulijua, na hakuna aliyelijua.

“Alikuwa anakuita nani?” nilimuuliza bibi. “Watu huweka maneno wanayoyazoea.”

“Unataka yote?”

“Yale unayoyakumbuka.”

Akaanza kuyataja, nami nikaandika moja moja. Kibogoyo. Kambale mkavu. Gunia la pumba. Kizee hakifi. Kila moja lilipokataliwa alileta lingine, na sauti yake ikaanza kuchangamka, kama mtu anayekumbuka wimbo. Binti alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha bibi akasema, “Weka mchawi mstaafu,” na hakuna aliyecheka. Baba mdogo alitazama dirishani.

“Liandike,” alisema bibi. “Alikuwa ananiita hivyo tangu hajaota ndevu. Siku zile lilikuwa linachekesha.”

Nikaliandika. Likakataliwa. Mashine ikasema tumekosea mno, tusubiri.

Nikamweleza bibi njia iliyobaki. Nina flashi yenye mfumo wa pili. Tukiiwasha mashine kupitia flashi hiyo, hatutahitaji neno la siri la mtu, kwa sababu hatupiti mlango wake. Tunapita upande wetu wa tuta, tunachungulia kule na kuona alichokiacha. Kwanza, hata hivyo, ni lazima tuizime.

Nikabonyeza alama ya kuzima. Ikatokea sentensi ya Kiingereza ambayo nimeiona miaka mingi na huwa naipita bila kuisoma. Nilipoisoma, mkono wangu ukasimama.

“Inasema nini?” aliuliza bibi.

Ningeweza kumwambia inasema subiri. Lakini mimi nimezoea kueleza.

“Inasema kuna mtu bado anaitumia kompyuta hii. Tukizima sasa, anaweza kupoteza kazi ambayo hajaihifadhi.”

“Mtu gani?”

“Mama, hiyo ni mashine tu,” alisema mwanawe. “Inamwambia kila mtu hivyo.”

“Nimemuuliza mwalimu.”

“Ni yeye, bibi. Hakuifunga kazi yake. Alishusha kifuniko akaondoka. Kwa mashine hii, yeye bado amekaa hapa.”

Bibi alikitazama kile kioo. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Mtu akishahifadhi kazi, hiyo ni kama mpunga uliokwisha ingia ghalani. Zima, washa, utaukuta. Ambayo hajahifadhi ni ile aliyoishika kwenye viganja. Programu ya kurekodi sauti ina tabia njema, humdondoshea mtu vipande ghalani bila hata kuambiwa. Vipi vimeshadondoka na vipi bado viko kiganjani, sikuweza kujua kutoka nje. Nikasema tunaweza kuiacha ilivyo na kuendelea kubahatisha neno la siri. Nikasema pia binti anaweza kuwekewa mfumo wake kwenye diski ya nje, ya kuchomeka na kuchomoa.

“Mwanangu hawezi kwenda chuoni na mashine iliyofungiwa kitu pembeni kama mbuzi wa kamba,” alisema baba mdogo. “Na matanga yanaisha keshokutwa. Mnamsubiri nani atoke humo?”

Binti alisema, “Baba.”

“Baba nini? Nasema uongo?”

Bibi alinigeukia. Aliniuliza mimi. “Nikimwacha hapo, atakaa mpaka lini?”

“Mpaka mtu amtoe, au mpaka mashine ife.”

“Na atasema?”

“Hawezi kusema, bibi. Tutaona jina lake tu.”

Akanyoosha kidole. “Nionyeshe pa kubonyeza.”

Nikamwonyesha. Kidole chake kilikuwa kigumu kwa jembe na mashine haikukisikia mara ya kwanza, ikabidi abonyeze tena, kwa nguvu zaidi. Kioo kikawa cheusi.

“Amekwenda?”

“Amekwenda.”

“Haya,” alisema baba mdogo, “sasa inua hilo tuta lako.”

Nikachomeka flashi, nikawasha. Mfumo mpya uliamka bila kuuliza neno. Nikaingia upande wa kijana kwa kuchungulia tu, bila kugusa kitu, maana sheria ya kwanza ya kazi hii ni kutohamisha chochote kabla ya kunakili. Kulikuwa na picha za kwaya, nyimbo nyingi, filamu. Nikanakili vyote. Kisha nikaenda kwenye pembe iliyofichwa ambako programu ya sauti huweka vipande vyake vya muda. Vilikuwepo. Nikaviunga, nikafungua spika.

Kwanza jogoo aliwika, mbali. Kisha kiti kililia. Kisha kijana akakohoa na kusema, kwa sauti ile ya mtu aliyekaa karibu mno na kinasa:

“Mke wangu. Nimelisikia neno lako la maji ya kunawa. Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na mama amenigombeza kwamba nacheka peke yangu kama kichaa. Basi sikiliza. Mimi nikifa maji, wa kunililia ni wewe, maana hao wengine watakuwa jikoni wanagombania nyama. Lakini ukilia, mke wangu, usifumbue mdomo. Hilo jino lako moja lililobaki likionekana, watoto watakimbia msiba, na mimi nitazikwa na nani? Lia umefumba, kama kambale. Hilo ni la kwanza. La pili...”

Hapo palikatika. Hapakuwa na kishindo wala mkwaruzo. Palikatika tu.

Bibi alikuwa ameuziba mdomo kwa kanga, hivyo hivyo kama siku ya mazishi. Akaishusha polepole.

“Nilifumba,” alisema. “Mlinisema, lakini nilifumba.”

Binti alikuwa analia. Baba mdogo alipangusa miwani ambayo haikuwa na kitu.

“La pili?” bibi aliniuliza.

Nikatafuta. Nilitafuta kila mahali ninapopajua na mahali pengine ambapo nilijua hakuna kitu, kwa sababu alikuwa ananitazama. Mwishowe nikamweleza kwamba kama alirekodi zaidi, hicho kipande kilikuwa bado hakijadondoka ghalani.

“Kilikuwa mkononi mwake.”

“Huenda. Huenda pia hakukirekodi. Sijui, bibi.”

“Tulipokuwa tunataja yale matusi, kilikuwepo?”

“Huenda kilikuwepo.”

“Wewe mwalimu,” alisema, “unaeleza vizuri sana.”

Sijapata tusi zito kuliko hilo, na sikuwa mtani wake hata nimrudishie.

Kugawa diski ni kazi nyepesi ukishanakili kila kitu, na siku hiyo ilikwenda bila kosa. Nikausogeza mfumo wa kijana upande mmoja, nikainua mpaka, nikauweka mfumo wa binti. Bibi aliuliza, ile orodha inayotokea mashine ikiwashwa, nani anatangulia. Nikamwambia tunaweza kupanga tutakavyo. Akasema mjukuu wake atangulie. Na kwa kawaida orodha hiyo husubiri kidogo kisha hujichagulia yenyewe. Nikaizuia isijichagulie, ikawa inasubiri mpaka mtu aguse.

“Yaani kila nikiwasha nimkute yeye kwanza?” aliuliza binti.

“Unamwamkia,” alisema bibi. “Kisha unapita.”

Siku ya kumaliza matanga waliniita niendeshe mashine. Uwanja ulikuwa umejaa. Wali ulikuwa jikoni, mbuzi amekwisha chinjwa, na kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameleta spika kubwa. Bibi alisimama akasema mume wake ana neno. Wengine walidhani ameshachanganyikiwa. Nikabonyeza.

Jogoo aliwika kwenye spika, na kuku wa pale uani wakanyanyua vichwa. Sauti ilipotoka, mtu mmoja alipiga ukemi. Alipofika kwenye wanaogombania nyama, wanawake wa jikoni walitoka na miiko mikononi. Alipofika kwenye jino, uwanja mzima ulicheka, kicheko cha kushtukiza kilichokuwa karibu sana na kilio. Kisha ikaja “La pili,” na kimya.

Mama wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake. Hakuwa amecheka. Alikuwa ameisikia sauti ya mwanawe akimtaja yeye, kwamba alimgombeza kwa kucheka, na sasa alijua kwamba kicheko alichokisikia siku ile akiwa upande wa pili wa ukuta kilikuwa cha neno la bibi.

“Na la pili liko wapi?” aliuliza.

Mtu akamwambia limepotea, mashine ilizimwa.

“Aliyezima ni nani?”

Nilifumbua mdomo nieleze. Bibi akanitangulia. “Ni mimi.”

“Hii ni mara ya ngapi unamzima, mama?” alisema yule mkwe, taratibu, kama anayeuliza habari ya chumvi.

Watu walitazama chini. Kwa mkwe na mkwe hakuna utani. Neno kama hilo likishatoka halina pa kwenda.

Bibi alifumbua kinywa, jino lake likaonekana. “La pili ninalijua,” alisema. Alikuwa anaongea na uwanja, hakumtazama mkwewe. “Nimekaa na mume wangu miaka yote, nitashindwaje kujua anachotaka kusema? La pili ni hili. Mke wangu, nikifa watasema wewe ndiye uliyeniua. Wakikwambia hivyo, usikatae. Waambie ndiyo, nilimsukuma kwa mikono yangu hii, ili angalau wajue kwamba gunia la pumba kama wewe bado lina nguvu za kumsukuma mwanamume.”

Alilisema kwa sauti ya mjukuu wake, kwa kuburuza mwisho wa maneno kama alivyokuwa akifanya. Mtani mmoja mzee alianza kucheka, akashindwa kujizuia, na wengine wakamfuata. Walikuwa wanacheka lile lile walilolisema kisimani. Nadhani kila mmoja alijua anacheka nini. Hakuna aliyelisema tena baada ya siku hiyo, angalau mbele yangu.

Mama wa marehemu hakucheka. Aliingia ndani.

Chakula kilipoletwa, alitoka na jagi na beseni. Aliwanawisha wazee, akawanawisha watani, akaninawisha na mimi, amepiga goti, macho chini. Akafika kwa bibi. Safari hii hakuruka. Akapiga goti, akaweka beseni, akaanza kummiminia.

Bibi alisugua mikono yake, akamaliza. Mkwe hakuacha. Aliendelea kumimina polepole, mkono wake ukiwa umetulia kabisa. Beseni lilijaa. Maji yakamwagika kwenye mkeka, yakaingia kwenye kanga ya bibi, yakamlowesha mapajani, na watu tuliokuwa karibu tukavuta miguu. Bibi angeweza kuondoa mikono. Hakuiondoa. Aliishika pale chini ya maji yale ya kunawa, amefumba mdomo, mpaka jagi likawa tupu.